Taa ya Kushoto

Baba hakuacha shamba. Aliacha Datsun,
rangi ya chai iliyozidi maziwa,
juu ya matofali manne uani kwetu, Walukuba,
na kuku wa Mama Naigaga wakiatamia kiti cha dereva.

Jumamosi ya kwanza nilitoa mayai. Kumi na moja.
Saba nikayarudisha kwa mwenyewe,
manne nikayakata, kodi ya maegesho.

Jumamosi ya pili nikafungua boneti;
ikalia kama kitanda cha zahanati.
Ndani, panya alikuwa amefuma nyumba
kwa sponji ya kiti na risiti za petroli
za miaka ile baba akiwa bado zamu ya usiku kiwandani.

Owori, mdogo wangu, mikono mfukoni:
"Uza kwa kilo, dada. Chuma ni chuma."
Nikamwambia, shika tochi.
Akashika. Owori hukataa kwa mdomo tu.

Isabirye wa nyumba ya pili, aliyezeekea kwenye mashine za nguo,
alitega sikio, akasema ni koili.
Nikanunua koili. Haikuwa koili.
Akasema ni plagi. Nikabadili plagi.
Siku ya tatu maji yakatiririka, mekundu kwa kutu,
yakafuata mteremko hadi kwenye sandali zake.
Akayatazama.
"Pampu," akasema,
kama mtu aliyejua tangu mwanzo.

Bolti tano. Nne zilikuja.
Ya tano nilikesha nayo:
mafuta ya taa, nyundo, matusi ya Kidhopadhola
ambayo sikujua kwamba ninayakumbuka.

Kisha Kampala, Kisekka,
pampu mapajani imevikwa gazeti.
Pale hawaulizi jina lako. Wanauliza mwaka.
"Sabini na nane," nikasema.
Kijana Ssebunya akacheka mpaka akaegemea rundo la milango:
"Mama, mwaka huo hata baba yangu alikuwa hajaoa."
Lakini aliingia gizani chini ya mabati,
akatoka na moja, akailaza juu ya yangu,
tundu juu ya tundu. Manne yakakubali,
la tano likageuzia uso pembeni.
"Tutatoboa upya," akasema. "Chuma husikia."

Alipokuwa akitoboa nilipekua gunia,
na mkono uliijua kabla ya macho:
taa ya kushoto, ile ndogo ya rangi ya chungwa,
na kwenye plastiki, kwa ncha ya msumari,
UPK 318.
Ile nane ya baba, duara mbili zisizogusana.

Iling'olewa usiku wa matanga.
Sisi tunaimba mbele ya nyumba,
na mtu yuko uani anafungua skrubu
polepole, kwa adabu,
maana hakuharibu hata moja.

Nilinyamaza.
Ningesema ni yetu, bei ingepanda.
"Elfu arobaini."
"Kumi. Imepasuka."
"Haijapasuka."
"Itapasuka njiani."
Tukakutana kumi na nane.
Nikaishika mkononi mpaka darajani,
Naili ikipita chini,
isiyowahi kubadilishwa kipuri.

Jana usiku gari likawaka. Likazima. Likawaka,
likakohoa moshi wa buluu, likabaki.
Kuku wakatawanyika. Isabirye akadai ni ile koili.
Nikasukuma kijiti cha ishara,
Owori akazima tochi ili tuone:
taa ikapepesa, ikapepesa,
gari bado juu ya matofali yake,
ikitangazia mtaa mzima kwamba tunakata kushoto,
na kushoto ni ukuta wa Mama Naigaga.