Mizani ya Zahanati

Kesho saa nne tunajipanga ofisi ya kata,
wajumbe mia na kumi na wawili, majina matatu,
karatasi isiyozidi kiganja.
Usiku huu Hombolo haina upepo.
Mbwa wa Chilewa anabwekea pikipiki
zinazopita bila taa, mlango hadi mlango.

Jana moja ilisimama kwangu.
Kijana akashuka, "Mbukwa, mama,"
akaweka kitenge juu ya kreti tupu,
na ndani ya kitenge, kama kichanga ndani ya mbeleko,
bahasha.
"Mzee Ndahani anakusalimu. Anasema hajakusahau."

Hajanisahau, kweli.
Msimu uliopita alinipimia zabibu kwa mkono wake,
akausoma mshale kabla haujatulia:
"Kumi na nane, kreti nimeshaitoa.
Zabibu zako mwaka huu, Sechelela, zina maji tu."

Nikajitwika kreti nyingine, pacha wa ile,
hadi zahanati, nikasimama foleni
na kina mama wenye watoto wa kliniki.
Sista Mchiwa alikuwa hajastaafu.
"Wewe, hii mizani ya watoto.
Unataka nimchanje nani hapa?"
Wakacheka wote. Nikacheka nao, masikio yakiniwaka.
Lakini alifungua kanga yake kiunoni,
akaifunga kreti, akaitundika
pale wanapotundikwa watoto wakilia,
akasubiri. Alisubiri hasa.
Akaandika nyuma ya kadi isiyo na jina:
ishirini na mbili na nusu.
"Kreti moja na nusu. Toa. Unajua kutoa?"

Najua kutoa.
Kilo tatu kila kreti, kreti arobaini, kilo kwa elfu moja.

Na ni huyu huyu Sista Mchiwa
aliyemwambia mdogo wangu Nyemo, uchungu umemshika,
wodi nzima ikisikia:
"Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba ulipiga kelele hivi?"
Mtoto sasa yuko darasa la tatu.
Nyemo hajamsalimu mpaka leo.
Akisikia nimempa kura, na mimi hatanisalimu.

Yupo pia Mwalimu Lechipya.
Anatujua wote kwa majina, hata mbuzi wetu.
Ukimuuliza bwawa linalojaa tope, "Tutalitazama."
Ukimuuliza barabara, anakuuliza habari za nyumbani.
Hana adui.
Nimewaza sana juu ya mtu asiye na adui
mahali penye bomba moja.

Mume wangu anasema, pokea, vaa, nyamaza,
kitenge hakina macho ya kuona umeandika nani.
Hakina. Ila kesho wenzangu tisini
watakuja na maua yale yale, zambarau na kijani,
na asiyeyavaa ataonekana
kama pengo la jino mdomoni.
Kesho kutwa ndipo tutakapouza zabibu. Kwa nani?
Mizani ya kijiji hiki ni moja,
na mwenye mizani anataka udiwani.

Bahasha nimeifungua, sitadanganya.
Elfu kumi. Nimenunua dawa ya ukungu,
majani yalikuwa yameanza kuota unga.
Kisha nimeitoa ile kadi ya kliniki,
chini ya ishirini na mbili na nusu nikaandika:
Ndahani amelipa kumi.
Bado laki moja na kumi.

Kitenge nitakivaa. Nitakifunga kichwani,
maua yake yaangalie juu.
Jina nitakaloandika ni la yule mwenye ulimi mbaya
na mshale mnyoofu;
akishinda, asiendelee kwanza na sherehe,
nitamshika mkono mpaka mlangoni kwa Nyemo,
asimame hapo, asubiri,
kama alivyosubiri siku ile.

Pikipiki nyingine. Imezima injini kwa Chilewa.
Mbwa amenyamaza.
Sijui naye amepewa nini.