Safu ya F

Kopo lilikuwa la biskuti; sasa lina kutu na nchi kumi na moja.
Nimelimimina juu ya mkeka wa sebuleni, Tudor,
Jumapili, stima imerudi, feni inazunguka kivivu,
na Swabra, binti wa kaka yangu, amenifungulia lahajedwali:
"Shangazi, hapa nchi, hapa idadi, hapa bei ya leo.
Ukishaandika, yenyewe itazidisha."

Yenyewe itazidisha.
Mimi miaka ishirini na sita nimepima kwa ulimi,
vikombe mia tatu kila asubuhi, Shimanzi,
kijiko, mfyonzo, kutema, kijiko, mfyonzo, kutema,
hii ina nguvu, hii imelala, hii imeungua,
kisha ndege, na sampuli za majani sandukuni
kuwapelekea wanunuzi Karachi, Kairo, Kolombo;
na kila safari ilinirudisha na chenji
kama mchanga wa ufuoni ndani ya kiatu.

Haya. Misri. Pauni arubaini na saba na nusu.
Safu ya C, bei ya siku niliyoondoka;
safu ya D, bei ya leo. Lo!
Pauni niliyoiacha imenona
nimeikuta mifupa mitupu.
Rupia ya Pakistani nayo imekonda. Sikuicheka:
shilingi yetu yenyewe imefunga mkanda tundu la mwisho.

Noti ya Zimbabwe, niliyopewa na mteja kwa mzaha,
ina sufuri nyingi hata kisanduku kikaishindwa,
kikajaa vijiti vilivyokatana, kama ua wa fito.
"Panua safu, shangazi."
Nikapanua. Nikazidisha.
Sufuri zote zile zikazaa sufuri moja, kitinda mimba.

Jumla, chini kabisa: elfu tisa mia mbili na kumi.
Lakini jana mwenye duka la fedha, Barabara ya Digo,
alishaniambia bila kuinua macho kwenye mashine yake:
"Noti, bibie. Sarafu hatuchukui, hata ziwe za peponi."
Nikatoa sarafu. Ikabaki elfu sita na kidogo:
mtungi wa gesi, kilo mbili za papa mkavu,
na chenji tena.

Nilikuwa nifunge. Kidole kikasogea chenyewe
hadi safu ya F, ambayo Swabra hakuiagiza,
kikaandika kichwani: *Kwa nini ilibaki.*

Rupia mia ya Sri Lanka:
mvua ilinifukuza kabla sijalipia nanasi.

Pauni tano, noti laini kama leso iliyofuliwa sana:
dereva wa Kairo alikataa nauli,
akasema sauti yangu ni ya dada yake, na hakuongeza neno.

Dirhamu tatu: za simu.
Nilisimama nazo mbele ya kibanda, Dubai,
nikasema kesho nitakuwa nyumbani, nitamwambia mwenyewe.
Kesho yake nikakuta viatu vingi mlangoni.

Riyali ya Yemeni: sijui.
Nimekaa nayo kiganjani mpaka ikapata joto langu. Sijui.

Swabra akaegemea bega langu, akasoma kimyakimya,
akabonyeza mahali, akatikisa kichwa.
"Safu hii haijumlishiki, shangazi. Ni maneno matupu."
"Najua."

Akanyamaza kidogo. Kisha akakumbuka kadi yake ya simu,
akatafuta kitu cha kukwaruzia, akaiokota riyali,
akakwaruza; vumbi la fedha likamwagika juu ya mkeka,
akaingiza namba, moja moja, midomo ikitembea.
"Imekubali!"

Nikarudi mstari wa kumi na mbili.
Nikafuta *sijui*.
Nikaandika: *ya kukwaruzia*.