Kofia ya Nne

Fundi Chilongani ameitandika kadi ya rangi juu ya boneti,
vipande mia na ishirini, kila kimoja ukubwa wa stempu.
"Chagua, dada. Umeme ukirudi naanza."
Umeme wa Kizota una tabia za mdaiwa:
unaahidi saa nne, unapita saa tisa, hausalimii.

Pijo ya baba imevuliwa nguo zote.
Viti viko juani, milango imeegemea ukuta
kama wanafunzi waliorudishwa nyumbani kwa ada.
Msasa umeiachia mabaka:
huku kutu, huku puti, huku weupe wa chaki.
Na mimi, mpima ardhi wa miaka kumi na tisa,
ninayetenganisha majirani kwa sentimita mbili,
sijui gari la baba lilikuwa rangi gani.

Nimewauliza.
Baba mdogo Ndahani: buluu, naapa, buluu ya wino.
Shangazi Mbeho: kijani, ndiyo maana mbuzi walikuwa wakiilamba.
Mama, alipokuwa hai, alisema tu: "Ilikuwa ya mkopo."
Picha ipo moja. Baba amekanyaga bampa,
suruali pana, kichana mfukoni,
na gari ni kijivu kama kila kitu cha mwaka ule,
hata kichala cha zabibu alichoshika.

Kaka Yoeli anatuma ujumbe toka Dar:
nyeusi inayong'aa, rimu za aloi, inchi kumi na saba,
spoku nyembamba kama vidole vya mpiga kinanda.
"Tuwaonyeshe," anasema.
Simuulizi akina nani.
Nafumba macho, naiona Pijo na rimu hizo:
mzee wa kanisa kavalishwa raba za mjukuu.

Jana fundi akafungua kitasa cha mlango wa nyuma,
akaniita kwa mluzi.
Chini ya bati, mahali brashi haikuwahi kufika,
rangi ya kwanza ilikuwa imekaa, upana wa ukucha.
Si buluu. Si kijani.
Rangi ya uji wa uwele uliopoa.
Rangi ya njia ya Handali mwezi wa Agosti.

Nikacheka hadi nikakaa juu ya tairi.
Baba hakutafuta uzuri pale dukani.
Alilichagua vumbi mapema,
kabla vumbi halijamchagua yeye.
Mtoto wa maji ya punda,
angeosha gari wapi asionekane?

Rimu, basi, ni zilezile za chuma,
zimegongwa, zimenyooshwa, zimepigwa krimu.
Kofia zake za kung'aa ziko tatu.
Ya nne niliifuata Handali, kwa Shangazi Mbeho.
Iko uani, imezikwa nusu, imejaa maji,
kuku wanainamisha vichwa, wanainua,
wanainamisha, wanainua, kama wanaokubali jambo.
Nilimpelekea beseni jipya la plastiki, jekundu.
Akalitazama. Akanitazama.
"Hili jua litalipasua kabla ya Krismasi.
Hiyo imenivusha kiangazi mara ishirini na saba."
Akanipa mayai sita, nikaondoka.

Leo alfajiri tumepiga rangi, upepo haujaamka,
sakafu tumeimwagia maji, mlango tumeuziba kwa turubai.
Upepo wa Dodoma haujui turubai.
Umeingia na chembe zake ubavuni, kwenye rangi mbichi.
Fundi amelaani kwa Kigogo, ameshika taa,
amezitafuta toka bampa hadi buti,
akarudi buti hadi bampa.
Hajaziona.

Gurudumu la nyuma kushoto liko kichwa wazi,
nati zake tatu nje.
Yoeli akija atauliza nani kaiba.
Nitamwambia kuku wanakunywa.