Natarajia

Saa tano usiku, Mabela. Kiyoyozi kinakohoa,
na nje joto limevitoa jasho vioo vya dirisha.
Nimeazima maktaba isiyo na kitabu hata kimoja,
vitenzi tu, vya Javaskripti, vya kuapia:
natarajia kitufe kiwepo;
natarajia kizimwe hadi namba itimie tarakimu nane;
natarajia, kikibonyezwa, kijibu "Miadi imepokelewa."
Majaribio arobaini na moja,
yote kijani kama bamia za Barka.

Nikampa mama simu.
Yeye hana habari na majaribio, ana goti,
na Jumanne ana daktari kule Khuwair.
Akaandika kwa kidole kimoja, miwani ncha ya pua:
٩, kisha ٢, kisha ٤,
tarakimu alizofunzwa chuoni, Mkunazini,
kabla hajajua kuna nchi inaitwa kwao.
Nane kamili. Tulizihesabu pamoja.
Kitufe kijivu.
Akakigusa tena, taratibu,
kama apigaye hodi penye msiba.
"Hakinitaki, Thuwaini. Au kinataka kitambulisho?"

Nikarudi mezani sijamjibu.
Jaribio la arobaini na mbili:
nikaandika namba yake jinsi alivyoiandika,
nikaapa, natarajia kitufe kiwake,
nikaliachia.

Kilichotarajiwa: kimewashwa.
Kilichopatikana: kimezimwa.

Nyekundu. Wallahi sijawahi kuipenda rangi hiyo
kama nilivyoipenda pale.
Yale arobaini na moja hayakunidanganya, maskini;
niliyauliza yale tu ambayo
majibu yake nilikuwa nimeyafumbata kiganjani.

Dawa yenyewe ilikuwa mstari mmoja,
wa kuzigeuza tarakimu zake ziwe zile mashine izijuazo.
Chai ya maziwa haikuwahi kuchemka.
Kijani.

Nikatoka sebuleni kumwambia.
Kalala kitini, mguu mbovu juu ya mto,
simu kifuani inapanda na kushuka.
Sikumwamsha.
Lakini kila jaribio sharti lipewe jina,
na hili nilikuwa nimeliita "tarakimu za Kiarabu."
Nikafuta. Nikaandika:
"Bi Zuweina anaweka miadi mwenyewe,"
ili atakayekuja siku moja kuling'oa,
kwa haraka, kwa amri ya wakubwa,
kwanza alisome.