Presha Mbili

Daftari ni la presha ya Veikko.
Asubuhi: mia sitini na mbili kwa tisini na nane.
Jioni: afadhali kidogo.
Nesi wa Kemijärvi aliniagiza niandike kwa kalamu ya wino,
maana mume wangu, enzi za penseli,
alijifutia namba usiku akajipunguzia ishirini.

Leo nimegeuza ukurasa,
nikapiga mstari katikati kwa ukingo wa boksi la filta,
na upande wa pili nimeandika: GARI.

Nje ni ishirini na sita chini ya sifuri.
Ndani ya gereji jiko la kuni linahema,
na Volvo ya buluu imeachama boneti.
Tangu Novemba anaipasua na kuishona:
pampu mpya yenye meno mapana,
sampu yenye kuta ndani, oili isikimbilie pembeni kwenye kona,
na kipozeo mbele ya rejeta.
Kipozeo! Katika nchi ambayo ziwa huganda
hata lori la magogo likapita juu yake.
Nikamuuliza, cha nini?
Akasema, cha Julai.
Haya. Mgonjwa haulizwi uji,
na injini haikuulizwa.

Plagi nne zimelala juu ya gazeti kama meno ya mtoto.
Waya wa cheche umechomolewa.
Injini itazungushwa na stata tu, bila moto,
mpaka oili ipande yenyewe ilikotakiwa kufika.
Geji tumeazima kwa Tauno; imefungwa kwenye bloku,
kwa sababu ile ya dashibodi, asema Veikko,
hukwambia unachotaka kusikia.
(Nimemtazama. Hakunitazama.)

"Washa, Hilkka."
Sekunde kumi. Mshale umelala.
"Tena."
Kumi nyingine. Betri inalalamika, mshale umelala.
Naandika: sifuri. Kwa wino.

Shingo yake imeanza kuiva.
Ule mshipa wa kando ya sikio, ninaoujua miaka thelathini na minane,
umesimama kama mrija.
"Wewe unayo ya kumwaga," nikamwambia, "yeye hana hata tone.
Mngegawana."
Hakucheka.
Nikamkalisha juu ya ndoo, nikamvua mkono wa ovaroli,
nikamfunga kile kitambaa, nikapampu.
Mia themanini na moja.
Nimeiandika mkabala na sifuri
na kwa kitambo tumekaa hivyo, watatu,
tukisikiliza kuni.

Ndipo akasema, polepole, kama anayeungama:
"Hewa. Nimefungia hewa kwenye kipozeo."

Spana. Robo mzunguko kwenye nati ya juu.
"Washa."
Bomba likakohoa, likatema povu,
likatema tena, kisha oili, nyeusi, nzito, bila haraka,
ikamtiririkia kiganjani naye hakuuondoa mkono.
Akakaza nati. Nikawasha.
Mshale ukashtuka
kama mtu aliyeitwa jina lake halisi.
Moja. Moja na nusu. Mbili na ushee.

Plagi zikarudi, cheche ikarudi,
na moto ulipowaka gereji nzima ikanguruma hadi vikombe.
Sita! Nimeandika sita.
Baadaye tano. Nne. Tatu.
"Veikko, inashuka!"
"Iache. Ikipata joto lazima ilegee.
Isiyoshuka ndiyo ya kuogopa."
Nikamwacha amalize, kisha nikamwonyesha ukurasa wa upande wake.

Saa sita usiku injini imepoa sauti,
imechemka sawasawa, haikanyagwi, yapumua tu.
Nimekwenda kuongeza kuni.
Niliporudi daftari lilikuwa mkononi mwake,
na chini ya safu ya GARI, kwa mwandiko wake wa kuinama:
moja nukta tisa.

Nikainama kwenye geji. Nikafuta kioo kwa kidole gumba.
Moja nukta saba.

"Inatosha pia," akasema, akiangalia dari.

Nikapiga mstari juu ya tisa, nikaandika saba,
nikamwomba mkono.