Kizazi cha Thelathini na Moja

Mama Namwezi wa soko la Kadutu amenizoea.
Ananiwekea pembeni mayai ya jogoo,
trei mbili, nyasi za Kabare bado zimeyaganda,
na kila Jumatatu ananichokoza vilevile:
"Weye binti wa labo, unachukua mayai yenye uhai
halafu vifaranga hutaki. Unafuga nini?"

Nafuga mafua, mama.

Nayafuga kwenye baridi.
Siku ya kumi na moja namulika yai kwa tochi:
mishipa, myembamba kama mito kwenye ramani,
na kidoa cheusi cha jicho kinayumba.
Natoboa ganda. Tone moja. Naziba kwa nta.
Kisha nyuzi ishirini na tano,
joto la Muhungu ukungu ukishapanda.
Kirusi kinanuna, kinazaa kidogo;
wanawe nawahamishia yai jingine,
wajukuu jingine tena,
hadi ukoo mzima usahau pafu linavyochemka.

Hesabu yenyewe ndiyo hiyo.
Pua ya mtoto ni baridi, kifua chake kina moto.
Mgeni aliyelelewa baridini ataishia barazani;
wenyeji watamkariri sura,
na ndani hataingia.
Wanasema dawa ya moto ni moto.
Sisi tunatafuta moto uliosahau kuunguza.

Wiki jana umeme ulikatika saa nane usiku.
Mimi na daktari Ntakwinja tuliyafunika mayai
kwa mablanketi ya hospitali,
tukakesha na kipimajoto
kama watu wanaouguza.

Leo majibu.
Siku tatu tumekiweka kwenye joto la homa,
thelathini na tisa,
kisha damu ya kuku, tone tone, vishimo vinane.
Ikizama na kuwa shanga nyekundu, kimeshindwa.
Ikitanda kama utando wa buibui,
bado kinakumbuka.

Shanga. Shanga. Shanga.
Saba zilizama.
Cha nane kilitanda.

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti,
akaivaa, akatazama tena.
Mimi nilimwona Aksanti, mtoto wa dada yangu,
aliyekohoa Juni nzima katika vumbi la kiangazi,
ananyoosha pua yake kwangu bila kuuliza.

Saba si nane.

Kesho ni Jumatatu.
Mama Namwezi, uniwekee trei tatu.