Mwaka wa Witiri

Taisto, ni bolti mbili tu zilizotutenga.
Kishikio kilikuwa kimoja, cha mcheri
tuliouangusha nyuma ya sauna ya mama
mwaka ule theluji ilipochelewa.
Ukakichonga kwa kipimo cha kiganja chako,
nikakipiga msasa kwa kipimo cha changu,
ndiyo maana hakikumkaa vizuri yeyote.

Mikono ya upinde ndiyo kila mtu alikuwa na yake.
Yangu mirefu, imenyooka;
ukiifunga ugwe inainama kidogo tu
kama mzee wa kanisa anayemsalimu asiyempenda.
Yako mifupi, ncha zimebetuka kwenda mbele
kama pua za mbao za kutelezea thelujini,
na ugwe umelala juu ya ncha hizo,
ukivutwa unabanduka taratibu,
plasta kwenye goti la mtoto.

Tuligawana miaka. Ya witiri yako, ya shufwa yangu,
na kila mwisho wa Septemba mmoja alibisha hodi
na spana mfukoni.

Futi tisa, ulisema.
Ulinunua hata kile kimashine cha kupima mwendo,
ukakiweka uani juu ya kiti cha jikoni,
Leena akikishikia mwavuli kisilowe,
na mshale wako ukanishinda futi tisa kila sekunde.
Nikakujibu: kulungu hana saa.
Ukasema upinde wangu unapiga teke kiganjani
kama nyumbu aliyefungwa vibaya.
Nikasema wako una kelele, ugwe unarudi kwa kofi,
na kidole kikikosea nusu ya nywele
mshale unakwenda kuitafuta posta.
Wangu unasamehe, nilisema.
“Unasamehe,” ukacheka, “kwa sababu hausikii.”

Majirani walichukua majembe wakaenda kulima,
wakavuna, wakala, wakazeeka,
wakatukuta bado nyuma ya gereji
tumesimama mbele ya gunia lile lile.

Aprili, Leena alileta mikono yako
imeviringishwa katika taulo la sauna.
Hakuingia ndani. Alisema tu:
“Mwaka huu ni wa witiri.”

Usiku mmoja nilijaribu jambo la aibu:
mkono wako juu, wangu chini.
Bolti zikakubali, bolti hazijui kitu.
Lakini ugwe ulipokaza, upinde mzima
ukaenda upande kama mdomo wa aliyelamba ndimu,
nikaufungua haraka kabla haujanipasukia usoni.
Sikulia. Spana ilikuwa imeanguka,
nikaitafuta chini ya meza kwa muda mrefu.

Leo ni Oktoba mosi, niko kwenye mierezi
juu ya ziwa, na mikono yako yote miwili.
Ni kweli, hapa katikati ya matawi
mirefu yangu ingegonga kila kitu.
Ulishalisema hilo, nikajifanya napiga chafya.
Kulungu jike akatoka ukunguni, hatua ishirini.
Nikavuta. Na pale mwisho wa mvuto,
pale ambapo wangu huwa mzito
kama ndoo inayokataa kutoka kisimani,
wako ukalainika, ukanisubiri.
Ningeweza kukaa hivyo hadi chakula cha mchana.

Nilikosa.
Mshale ulipita juu ya mgongo wake, juu kabisa,
maana jicho langu bado linakadiria
kwa upinde wa polepole. Futi tisa, Taisto.
Akanitazama, akaondoka bila hata kukimbia.

Mshale nimeupata jua likiwa limepanda,
umezama hadi manyoya katika kisiki kilichooza,
na nimeuchimba kwa kisu, na vidole vimekufa ganzi.

Sitasema umeshinda.
Mwakani ni shufwa, na spana ninayo.